Ndege Tano

Katika vita vya Wazungu ilikuwapo desturi: rubani aliyeangusha ndege tano za adui aliitwa bingwa, na jina lake halikupotea tena. Mmoja wa mabingwa hao, Roald Dahl, sasa naambiwa na walimu vijana kuwa ni "wetu", ati kwa sababu alikaa Dar es Salaam. Sikubali.

Ushujaa wake siupingi. Alizaliwa Wales mwaka 1916, na mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ikamleta Tanganyika. Novemba 1939 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza huko Nairobi. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Misri, akavunjika fuvu na kupofuka kwa muda. Hata hivyo, Aprili 1941 alikuwa Ugiriki akirusha Hurricane, moja kati ya chache zilizosalia mbele ya wingi wa ndege za Wajerumani. Mwaka uleule maumivu ya kichwa yakamtoa vitani. Mwoga hafanyi hayo.

Lakini tazama hadithi inavyokua. Mwaka 1942 gazeti moja la Marekani lilichapisha habari zake chini ya kichwa kilichosema alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa na mtu! Giza lilikuwa likiingia, mafuta yakiisha, na kiwanja alichoelekezwa hakukiona. Baadaye alieleza hivyo mwenyewe. Bingwa hupewa hata nafasi ya kusahihisha hadithi yake.

Je, askari wake walipewa? Maana vita vilipoanza, Septemba 1939, karani huyu wa mafuta alikabidhiwa askari wa KAR waifunge barabara ya pwani iendayo kusini, Wajerumani wasikimbilie huku kwetu na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno. Katika kitabu chake cha 1986, Going Solo, anakiri kwamba hakuwa na mafunzo ya kijeshi. Waliojua kazi ni wale askari. Nani leo atanitajia majina yao?

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wenzao walikuwa katika matope na malaria ya bonde la Kabaw, Burma. Chuoni niliwahi kuwauliza wanachuo waliojiandaa kufundisha historia: nani ana babu aliyepigana Burma? Mikono kadhaa ikainuka. Alikuwa kikosi gani? Mikono ikashuka yote. Hesabu ya ndege tano za Dahl, hiyo waliijua.

Wala sisi wa Kitaya tusijitie usafi. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaua watu hapa kijijini na kuchoma nyumba. Vijana wetu hubishana kuhusu bunduki zilizotumika. Nikiuliza nani alikufa nyumba ipi, hutazamana.

Nimenunua daftari. Kila Ijumaa baada ya sala huketi na wazee, wakitaja nami nikiandika, wa Burma upande mmoja na wa 2020 upande wa pili. Upande wa Burma una majina manne tu, na moja kati ya hayo bado wazee wanabishana kama ni la baba au la mwana.