Misimu yote, kasoro mmoja

Mwezi huu sizungumzii mtoko wala zawadi. Nazungumzia matairi. Usifungue ukurasa wa pili kwanza, maana nimeshuhudia mke na mume wanaopendana wakinuniana siku nne mfululizo kwa sababu ya matairi, na mimi nikiwa mgeni wao, nalala sebuleni, sina pa kukimbilia.

Ilikuwa Januari, Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kule Marekani. Nilikwenda kumwona mtoto wa mdogo wangu, wakati huo ana miezi minane. Mdogo wangu anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anatoka nyumbani saa 4 usiku, anarudi alfajiri, na kwa mwezi ule nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Sisi tuliokulia Dar tukisikia baridi tunatafuta kanga ya kujitanda. Kule ukipenga kamasi linaganda.

Gari lake ni RAV4, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Oktoba matairi yalikuwa yamekwisha, shemeji akajitolea kushughulikia. Akapata manne yaliyotumika kidogo, bei ya kutupa, na ubavuni yana herufi M+S, yaani matope na theluji. Muuzaji akamwambia ni ya misimu yote, kaka, unafunga unasahau. Akafunga, akasahau.

Basi siku hiyo tunampeleka mtoto kliniki. Mdogo wangu anaendesha, mimi pembeni, mtoto nyuma kwenye kiti chake. Tunashuka kimlima kidogo, mbele taa nyekundu. Akakanyaga breki mapema kabisa, tena taratibu. Pedali ikaanza kutetemeka, grrr, na gari likaendelea kwenda. Halikwenda kasi, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu nilipata muda wa kuona kila kitu: taa inapita juu yetu, lori dogo linatokea kushoto, dereva wake anapiga honi na kukwepa. Tukavuka makutano yote na kwenda kusimama ndani ya kifusi cha theluji upande wa pili. Mtoto hakuamka. Mdogo wangu alishika usukani kwa mikono miwili, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Huko ndiko mtiti ulikoanza. "Nilikwambia haya matairi yanateleza." "Sasa gari linavuta manne, unataka lifanye nini tena?" "Dada, msikie shemeji yako." Mimi nikajifanya nabadilisha nepi.

Ukweli ni kwamba shemeji hakuwa peke yake katika kosa hilo. Wengi wanaamini gari linalovuta kwa magurudumu manne halitelezi. Linasaidia kuondoka, hilo halina ubishi: wenzako wamekwama kwenye taa, wewe umeshapita. Lakini kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata kile kigari cha bei rahisi kuliko vyote. Kinacholisimamisha ni zile sehemu nne za mpira zinazogusa barabara, kila moja kama ukubwa wa kiganja chako. Kwa hiyo lile RAV4 lilikuwa linawapa ujasiri wa kufikia mwendo ambao matairi yasingeweza kuuzuia.

Jumamosi tukaenda wote gereji nyingine, wao wamekaa mbele hawaongei, mimi nyuma na mtoto kama balozi wa amani. Fundi, mzee mmoja mpole, akachomoa mfukoni sarafu ya robo dola na kuichomeka kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha George Washington kikiwa kimeelekea chini. Utosi ukaonekana wote. Maana yake kashata zilikuwa zimebaki chini ya milimita 3 hivi. Tairi jipya huwa na kama 8. Sheria za majimbo mengi ya Marekani zinakuruhusu kushuka hadi milimita 1.6, ila hiyo ni hesabu ya barabara kavu. Kwenye theluji, ukifika milimita 5 anza kutafuta hela, kwa sababu mifereji ikiwa mifupi theluji haina pa kuingia na tairi haliwezi kuikamata.

Kisha akatuonyesha tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba inayoanza na DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa 3519, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ya kwao yalikuwa na umri wa miaka saba. Shemeji akaangalia dari.

Sasa tuje kwenye hilo jina, misimu yote. Goodyear ndio walioleta tairi la namna hiyo mwaka 1977, wakaliita Tiempo, na watu wa nchi za baridi wakafurahi kuachana na kazi ya kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Ni tairi la suluhu: mvua linaweza, jua linaweza, theluji nyepesi linajitahidi. Shida ni mpira wenyewe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa kawaida unaanza kukakamaa, na tairi lililokakamaa halishiki. Na zile herufi M+S zinaeleza tu mifereji imechongwaje. Hakuna aliyelipeleka tairi kwenye theluji kulijaribu.

Alama ya kutafuta ni nyingine: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Ilianza kutumika mwaka 1999, na kuipata lazima tairi lipimwe kwenye theluji iliyoshindiliwa. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena kuwa tairi la baridi. Quebec kule Kanada tangu 2008 matairi ya baridi ni lazima, siku hizi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na wanataka uwe na mlima huo. Minnesota sheria haikulazimishi, kwa hiyo kila nyumba inaamua yenyewe, na ndipo ndoa zinapopimwa.

Lakini hata mlima usiuabudu. Kipimo chake kinaangalia tairi linavyosukuma gari kuondoka kwenye theluji. Hakipimi kusimama kwenye barafu, na pale kwenye taa tulitelezea barafu.

Fundi akatupa njia mbili. Ya kwanza, matairi ya baridi tupu, mpira laini wenye vikato vidogo vingi, unayafunga Novemba na kuyavua Aprili. Kwenye barafu hayana mpinzani. Ya pili, matairi ya mwaka mzima yenye alama ya mlima, ndugu wa yale ya misimu yote lakini aliyekwenda shule. CrossClimate 2 ya Michelin ni mfano, na Nokian ya Finland, waliotengeneza tairi la baridi tangu 1934, nao wanayo. Haya hayavuliwi.

Mdogo wangu akataka ya baridi. Shemeji akaanza hesabu: seti mbili, kufunga na kufungua kila msimu, na wanaishi ghorofa ya tatu bila stoo, manne mengine yatalala wapi, chini ya kitanda? Wakanigeukia. Msomaji, usikubali kamwe kuamua ugomvi wa mdogo wako na mumewe mbele ya fundi. Nikauliza swali moja tu: saa 4 usiku, nani anakuwa kwenye usukani?

Kimya. Shemeji akasema, "Haya, chagua wewe."

Akachagua ya mwaka mzima yenye mlima. Alishaona hoja ya stoo ni ya kweli, ila alitaka iwe yeye anayeikubali. Mimi ningekuwa na stoo ningechukua ya baridi bila kufikiri mara mbili. Wakanunua manne, sio mawili. Mawili mapya na mawili ya zamani yanafanya gari lishike upande mmoja na kuteleza mwingine, na kwa gari linalovuta kote tofauti ya kimo inaweza kuua gia. Saizi wakaifuata ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, 225/65R17, na ile namba ya uzito inayofuata hawakuishusha. Tofauti ya bei na yale ya kawaida haikufika dola 200 kwa yote manne. Kwa hela hiyo ndiyo nilinuniwa siku nne.

Jambo moja nililojifunza mwenyewe, maana taa ya upepo ilikuwa inawaka kila asubuhi: kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza kama paundi 1 ya upepo. Ukijaza siku ya nyuzi 15, ikifika 20 chini ya sifuri zimekwenda paundi 6. Upime asubuhi gari likiwa limelala, kabla halijatembea.

Jioni ile wakatoka wawili, wakaenda kwenye uwanja wa maegesho mtupu kujaribu breki. Walikawia. Waliporudi walikuwa wanacheka, shemeji ndiye amebeba mkoba wa mtoto.

Wiki iliyopita kaniandikia meseji. Kigari chake kidogo nacho matairi yamekwisha, anataka yale yale yenye mlima. Mdogo wangu amemjibu kwamba safari hii ni zamu yake yeye kutafuta ya bei rahisi.