Usinunue spea ya kuchaji kabla hujapima

Leo nazungumza na wenye boti, wenye mitumbwi ya dagaa na mafundi wa injini wa Musoma na visiwa vyetu. Nina duka dogo la spea hapa Buhare, kwa hiyo ninachosema kinaweza kunipunguzia mauzo. Nakisema hivyo hivyo. Mteja akija akasema "injini haichaji betri, nipe rektifaya", swali la kwanza la muuzaji lisiwe "unataka orijino au ya bei nafuu?" Liwe "umepima ukapata ngapi?"

Sababu ni moja: hela. Maduka mengi hayarudishi spea ya umeme ikishatoka. Na wana haki, maana rektifaya mpya inaweza kuungua mara moja ukiifunga kwenye mfumo wenye hitilafu, na kwa macho huioni imeungua. Kwa hiyo kila mnapobahatisha, hasara inamwangukia mwenye boti. Ananunua betri, inalala. Ananunua rektifaya, tatizo liko palepale. Mwisho anafungua flaiwili, kumbe ni fyuzi tu au waya uliolegea. Mtaji wa mafuta umeshaliwa na spea ambazo hazikuhitajika.

Mfumo wenyewe si mgumu. Flaiwili ina sumaku, inazunguka juu ya koili, koili inazalisha umeme. Umeme huo unakwenda mbele na kurudi nyuma, wakati betri inataka wa upande mmoja tu. Rektifaya ndiyo inayounyoosha, regyuleta inauzuia usizidi, halafu unapita kwenye fyuzi mpaka kwenye betri. Basi.

Kinachowadanganya wengi ni mlio. Injini nyingi za boti zinazalisha zenyewe umeme wa plagi, tofauti na ule wa kuchaji. Kwa hiyo mfumo wa kuchaji unaweza kufa kabisa na injini ikaendelea kuvuma vizuri wiki nzima. Utajua siku taa zimezimika usiku katikati ya ziwa, upepo umeanza, na boti nyingine haikuoni.

Sasa tupime. Kale kamita ka kupimia umeme hakafikii hata karibu na bei ya betri. Fuata mpangilio huu, kuanzia kilicho rahisi:

1. Betri. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku kucha bila kutumika, kisha pima. Betri nzima ya volti 12 itasoma kama 12.6. Ikishuka hadi karibu 12 au chini bila kutumika, mgonjwa ni betri.

2. Nguzo, waya na fyuzi. Safisha ukungu kwenye nguzo, kaza nati, fuata waya mpaka mwisho. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini unyevu na mtikisiko vinatosha kulegeza na kuozesha waya.

3. Washa injini, boti ikiwa majini na imefungwa vizuri. Usiiwashe nchi kavu bila maji, utaua pampu ya kupoozea. Pima kwenye betri, kisha ongeza mafuta kidogo. Namba ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, shuku regyuleta, maana hapo betri inachemshwa.

4. Koili. Zima injini, chomoa soketi yake, pima ukinzani na ulinganishe na kitabu cha injini yako. Katika injini nyingi, waya wa koili hautakiwi kugusana na bodi. Mita ikionyesha unagusana, koili imekwisha.

5. Rektifaya. Ipime pande zote mbili: ipitishe umeme upande mmoja, ikatae wa pili. Ikipitisha kote au ikikataa kote, hapo sasa njoo dukani.

Na ukifunga mpya, ilinde. Usigeuze nguzo za betri, wala usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma. Hayo mawili yanaua rektifaya haraka. Kama ni koili, flaiwili itolewe kwa pula yake, siyo kwa nyundo. Nyundo inavunja sumaku.

Kuna kesi nyingine ambayo haina spea kabisa, ni hesabu. Tangu taa za LED zichukue nafasi ya karabai kwenye dagaa, betri ndiyo inabeba usiku mzima. Chukua taa nne za wati 10: jumla wati 40, gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea 3.3. Saa 10 za usiku ni kama ampea-saa 33. Injini yenye kuchaji ampea 6, ukitembea saa moja kwenda na saa moja kurudi, haiwezi kurudisha zaidi ya 12. Hapo hata ubadilishe koili mara tatu, betri itazima tu. Unahitaji sola au chaja ya nchi kavu. Pia injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina rektifaya tangu kiwandani. Uliza kabla ya kulaumu.

Najua mafundi wazoefu watasema, "mimi nikisikia tu najua". Nawaheshimu, na kwa kabureta au plagi sibishani. Lakini umeme wa kuchaji hauna mlio. Sikio halisomi volti, kaka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wauzaji wenzangu, wekeni mita juu ya kaunta na mpimeni mteja anapokuja na betri au rektifaya yake. Leo utakosa kuuza spea moja, lakini yule mtu atarudi kwako kwa oili, plagi na propela, na atamleta na jirani yake. Wenye mitumbwi ya dagaa, tumieni siku za mbalamwezi, mnapokuwa hamwendi ziwani, kupima mapema badala ya kusubiri usiku wa giza wenye samaki. Na ninyi mnaovusha abiria kwenda Kinesi, pimeni kabla ya kupakia, maana mmebeba watu.

Fundi akikukabidhi kazi, mwambie akuonyeshe namba mbili: volti kabla hajagusa, na volti baada ya kufunga. Kama hana namba hizo, bado hujajua umelipia nini.