Fazi kwanza, tremolo baadaye

Jamani, ukijitengenezea pedali ya fazi ya gitaa na kuiongezea tremolo, usiweke tremolo kabla ya fazi. Fazi, hata ile rahisi ya transista 2 na betri ya volti 9 kama Fuzz Face ya mwaka 1966, hukata vilele vya mawimbi. Ndiyo maana sauti inakwaruza. Sasa tremolo ikipandisha na kushusha sauti kabla haijafika hapo, fazi inasawazisha karibu yote. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima nikilehemu upya, nikilaumu kapasita (mtu wa programu akishika lehemu, mnajua tena!). Kumbe ni kuhamisha nyaya mbili tatu tu. Wanaonipinga husema noti ikififia mtikisiko hujitokeza. Kweli, lakini nani ana subira ya kungoja noti ife?