Jinsi Jumba la Orofa 110 Lisimamavyo Katika Upepo

Mkulima ajengaye ghala ya mahindi huyajua mambo mawili tangu ujana wake: mzigo hushuka chini, na upepo huja kwa ubavu. Ghala yaweza kubeba magunia mwaka mzima bila kuyumba, kisha ikalala chini kwa dhoruba ya usiku mmoja. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyowashughulisha mainjinia wa mji wa Chicago, katika Marekani, kwa muda wa miaka mingi. Mgeni autembeleaye mji huo anaweza kuyaona majibu yao kwa macho yake, naye akitembea kwa miguu katika barabara moja tu, iitwayo Jackson.

Mahali barabara hiyo ikutanapo na ile ya Dearborn lipo jumba la Monadnock, ambalo nusu yake ya kwanza ilimalizika mwaka 1891. Lina orofa 16, na katika nusu hiyo kuta za matofali ndizo zibebazo mzigo. Kwa sababu hiyo, kuta za chini zina unene wa futi 6. Asimamaye mlangoni hufahamu mara moja shida waliyokuwa nayo wajenzi wa zamani. Kila orofa iliyoongezwa juu iliwalazimu kuunenepesha ukuta chini. Na ukuta ukinenepa, chumba hupungua, wala hakuna mpangaji alipaye kodi ya ukuta.

Dawa ya mzigo ilikuwa imekwisha kuonekana katika mji huo huo. Mwaka 1885 lilijengwa jumba la orofa 10 ambalo mzigo wake ulibebwa na nguzo na boriti za chuma, mfano wa mifupa ndani ya mwili, na ukuta ukaanza kuwa kama ngozi ya kuzuia mvua na baridi. Kwa njia hiyo majumba yalirefuka, hata mwaka 1931 Empire State ya New York ikafika orofa 102. Lakini upepo haukuwa umeshindwa. Jumba lilipozidi kurefuka, chuma kilichohitajiwa kuuzuia upepo peke yake kilizidi kwa haraka kuliko urefu wenyewe, na gharama ikapanda vivyo hivyo. Ikawa mtu atakaye kwenda juu zaidi anaweza kujenga, lakini atafilisika.

Mgeni akiendelea na barabara ya Jackson kuelekea magharibi, kwa mwendo usiofika robo saa, atafika chini ya jumba jeusi liitwalo Willis Tower. Hapo kwanza liliitwa Sears Tower, na jina likabadilishwa mwaka 2009. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, na mwaka 1973 likafika urefu wake kamili: orofa 110, futi 1,450. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 halikuwako jumba refu kuliko hilo duniani. Lifti humpandisha mgeni mpaka orofa ya 103 kwa muda wa dakika moja hivi, na masikio huziba njiani. Huko juu, tangu mwaka 2009, vimewekwa vibanda vya kioo vitokezavyo nje ya ukuta kwa futi 4 na kitu. Mwenye moyo mkavu husimama juu ya kioo na kuyatazama magari yakitambaa chini kama siafu.

Siku ya upepo mkali, jumba hilo huyumba kidogo. Hilo si kosa, ndivyo lilivyokusudiwa. Swali ni hili: nani aliyeliwezesha kuyumba kidogo tu, na kwa gharama iliyoweza kulipwa?

Injinia wake alikuwa Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa mwaka 1929 huko Dhaka, nchi hiyo ilipokuwa sehemu ya India chini ya utawala wa Waingereza. Leo ni Bangladesh. Mwaka 1952 alikwenda kusoma katika jimbo la Illinois kwa msaada wa masomo, na kwa miaka mitatu akapata shahada mbili za uzamili na moja ya udaktari. Mchora ramani aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo aliitwa Bruce Graham.

Atakaye kulielewa wazo la Khan na autazame mwanzi. Ndani ni mtupu, tena ni mwembamba na mwepesi, lakini husimama katika upepo uangushao miti minene, kwa kuwa nguvu zake zote zimo katika ganda la nje. Khan alizitoa nguzo katikati ya nyumba akazipanga kando kando, karibu karibu, akazifunga kwa boriti hata jumba zima likawa kama mwanzi mmoja wa pembe nne. Katika Sears Tower aliendelea zaidi. Alisimamisha mianzi tisa ya namna hiyo, kila mmoja upana wa futi 75, akaipanga mitatu kwa mitatu na kuifunga pamoja. Miwili hukoma orofa ya 50, miwili orofa ya 66, mitatu orofa ya 90, na miwili iliyobaki ndiyo iendayo mpaka juu. Hivyo mahali upepo ulipo mkali kabisa, jumba huwa limepungua upana. Mikanda myeusi ionekanayo kutoka barabarani ni mahali ilipofungwa mishipi ya chuma ya kuishikanisha mianzi hiyo.

Faida yake ilionekana katika hesabu. Empire State ilikula chuma zaidi ya pauni 40 kwa kila futi ya mraba ya sakafu. Sears Tower, ijapokuwa ni ndefu zaidi, ilikula pauni 33.

Chuma kilipokuwa kikipanda mwaka 1971, vita viliwaka katika nchi aliyozaliwa Khan. Hakujifungia katika hesabu zake. Aliwakusanya Wabengali wenziwe waliokaa Marekani, wakachanga misaada kwa ajili ya walioteseka. Alikuwa akiwaonya mainjinia wenziwe kwamba fundi asipotee ndani ya ufundi wake.

Kazi yake mojawapo ya mwisho haikuwa ndefu hata kidogo. Ni kituo cha mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, kilichofunguliwa mwaka 1981. Paa lake ni mahema 210 ya kitambaa kigumu, ambayo hutia kivuli na kuiacha hewa ya moto itoke kwa juu. Mahujaji wa nchi nyingi, na wa Afrika ya Mashariki pia, wamepumzika chini yake bila kulijua jina la aliyekifanyia hesabu. Khan alifariki katika mji huo huo wa Jeddah mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 52.

Monadnock bado lasimama kwa unene wa kuta zake, wala hapana aibu katika hilo. Lakini jirani yake amelipita mara sita na zaidi kwa kushikana tu. Mwanzi mmoja wa futi 1,450 usingalisimama. Tisa iliyofungwa pamoja imesimama tangu mwaka 1973.