Maelezo ya dawa za vioo vya magari yaandikwe kwa Kiswahili

Kila masika yanapowadia katika Bonde la Ufa, wachuuzi wa barabarani na wenye maduka ya vipuri mjini Nakuru hupanga sako kwa bako chupa mbili za plastiki, zote zikiitwa "dawa ya kioo". Moja hufukuza maji ya mvua kwenye kioo cha gari. Nyingine huzuia ukungu usikitande kioo hicho kwa ndani. Muuzaji akiulizwa tofauti yake, aghalabu hujibu kwamba zote ni za mvua, mteja achukue aipendayo. Jibu hilo laweza kumtia mtu mtaroni pale Kikopey, na pamoja na hayo sidhani kwamba lawama ni ya muuzaji.

Yamkini baadhi ya wasomaji watajiuliza mwalimu wa isimu ameingiaje gereji. Nimeingia kwa mlango wa msamiati. Neno letu "ukungu" lina kazi nyingi mno. Ni ule wingu mzito unaolala barabarani Mau Summit alfajiri. Ni mvuke unaotanda kioo kwa ndani pindi matatu inapojaa abiria waliolowa. Tena ni ile kuvu inayoota juu ya mkate uliochacha. Mtu akisema "kioo kimeshika ukungu", msikilizaji hawezi kujua kama tatizo liko nje au ndani. Huo si umaskini wa Kiswahili, kwa maana kila lugha ina maneno yake yaliyobebeshwa mizigo. Lakini panapouzwa dawa mbili zinazofanya kazi kinyume, sharti mtu aseme ni ukungu upi.

Nasema kinyume kwa makusudi. Kioo kisafi hupenda maji. Juu ya uso wake pana viini vya oksijeni na hidrojeni vinavyoyavuta maji, ndiyo maana tone likianguka hutanda, likawa utando usio sawa unaopinda mwanga. Dawa ya kukataa maji, ambayo kwa kawaida ni silikoni iliyochanganywa na alkoholi na asidi kidogo, hujishikiza kwenye viini hivyo na kuacha ngozi nyembamba isiyo na mvuto kwa maji. Tone hujikunja likawa kama shanga. Wataalamu hupima pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na kioo: ikizidi digrii 90, husema kwamba uso huo unakataa maji. Silikoni hufikia digrii 100 au 110 hivi. Aliyekulia kando ya mto kule Subukia atacheka, kwani jani la nduma, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita gimbi, hupita digrii 150 bila kununuliwa dukani. Siri yake ni nta iliyopakwa juu ya vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Dawa ya ukungu wa ndani hufanya jambo jingine kabisa. Yenyewe ni jamaa ya sabuni. Huyafanya maji yatandae sawasawa, yawe utando laini unaopitisha mwanga bila kuuvuruga. Madhali ni hivyo, mtu akipaka ndani ile dawa ya nje, pumzi za abiria zitakuwa maelfu ya vitone vidogo na kioo kitageuka cheupe kama maziwa. Akipaka nje ile ya ndani, mvua itaiosha kabla hajafika Gilgil. Nimepata kumwona dereva mmoja wa njia ya Njoro akifuta kioo kwa ndani kwa kiganja, huku gari linakwenda, akiilaani dawa ambayo haikuwa na kosa lolote.

Zipo pia dawa za kienyeji. Madereva wa nyanda za juu husugua kioo kwa kiazi kibichi kilichokatwa, au kwa tumbaku ya sigara. Siwadharau. Wanga wa kiazi huyafanya maji yatandae, kwa hiyo mbinu hiyo ni ya kundi la pili, na manufaa yake nje ya gari hudumu kwa mvua ya muda mfupi tu. Mafuta ya taa ni jambo jingine, nayo nayakemea. Huacha grisi ambayo waipa huisambaza, na usiku kila taa ya gari linalokuja huchanua kama nyota. Vivyo hivyo ile dawa ya kung'arisha dashibodi: vijana wa kuosha magari hutumia kitambaa kimoja kwa dashibodi na kioo cha mbele, kisha mwenye gari akashangaa kwa nini hawezi kuona mvua inapoanza.

Hapa Nakuru pana matata mawili ambayo maandishi ya chupa zinazotoka ng'ambo hayawezi kuyajua. La kwanza ni vumbi. Jina la jiji letu husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na wakazi hawana haja ya kuthibitishiwa. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa daitomaiti, udongo mweupe uliofanywa na maganda ya mimea midogo ya ziwa la kale. Udongo huo ni silika, ambayo hutumika hata kusugulia vyuma. Kukifuta kioo kikavu chenye vumbi la namna hiyo ni kukikwaruza. Maji kwanza, kitambaa baadaye. La pili ni maji yenyewe. Maji ya visima vya eneo hili yana madini mengi (floraidi yake imeyapaka meno ya watoto wetu rangi ya kahawia) na yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe ambayo dawa haitaweza kushika juu yake. Anayeweza kukinga maji ya mvua ayatumie hayo kwa suuza ya mwisho.

Kazi yenyewe ya kupaka si ngumu, ila haipendi haraka. Kioo kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kifutwe kwa spiriti ili grisi yote itoke. Gari liwe kivulini, kwa kuwa jua la mchana la mita 1,850 juu ya bahari huikausha dawa kabla haijashika. Dawa ipakwe kwa kitambaa safi, kwa kuzungusha, sehemu ndogo ndogo. Ukitokea utando mweupe, ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha irudiwe. Mpira wa waipa nao usafishwe kwa spiriti, na kama umepasuka ununuliwe mwingine kabla ya hiyo dawa, maana waipa mbovu juu ya kioo kilichopakwa huruka-ruka na kupiga kelele. Alkoholi hushika moto. Asipake mtu huku anavuta sigara.

Na je, dawa yenyewe ina faida kiasi gani? Inategemea mwendo. Gari likienda kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo huyasukuma matone yakapanda na kuruka. Lakini barabara yetu kuu ya kwenda Malaba si tambarare. Kutoka Nakuru hadi Timboroa mtu hupanda mita 900 hivi, na baada ya Salgaa hujikuta nyuma ya malori yanayojikokota kilomita 20 kwa saa. Hapo matone hayana upepo wa kuyafukuza. Hukaa kiooni, na kila tone hutawanya mwanga wa taa za wanaoteremka. Ndiyo maana huona kichekesho dereva anapojigamba kwamba tangu apake dawa hana haja ya waipa. Lau ningekuwa na chupa moja tu, ningeanza na vioo vya ubavuni na vile vya kutazamia nyuma. Hivyo havina waipa, na dawa hudumu zaidi juu yake kwa kuwa hakuna mpira unaoisugua.

Sasa turudi kwenye lawama. Chupa niliyonayo mezani ina maelezo kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine mbili za mbali. Kiswahili hakimo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoilipia. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, sioni ni kwa hoja gani muuzaji aliyeishia darasa la nane atalaumiwa kwa kutojua kilichoandikwa kwa herufi za mdudu chungu katika Kiingereza cha kikemia. Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 iliwalazimisha watengenezaji kuweka maonyo ya Kiswahili juu ya pakiti za sigara, wakaweka. Kwa hiyo dereva anayesugua kioo kwa tumbaku ameonywa kwa lugha anayoielewa kuhusu tumbaku, lakini hakuonywa kuhusu dawa ya kioo.

Wapo wenzangu wa sayansi wanaodai kwamba istilahi hazitoshi. Katika aya zilizotangulia nimeeleza silikoni, pembe ya tone na mvuto wa maji, na sidhani kwamba msomaji wa kidato cha pili amekwama. Kinachokosekana ni mazoea ya kuandika maelezo mafupi yanayotumika. Shuleni tunafundisha insha za methali mwaka baada ya mwaka, na mwanafunzi huhitimu bila kuandika hata mara moja namna ya kutumia kitu.

Kwa sababu hiyo niliwapa wanafunzi wangu zoezi: waandike maelezo ya chupa ile kwa maneno yasiyozidi 50. Kundi moja lilileta haya, yenye maneno 41: "Dawa ya kukataa maji. Paka nje ya kioo tu, usipake ndani. Osha kioo, kikauke. Paka kivulini kwa kitambaa safi. Utando mweupe ukitokea, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Rudia mara moja. Hushika moto: weka mbali na jiko na sigara. Waipa bado zahitajika."

Ubishi mkali darasani ulikuwa juu ya neno "utando". Wengine walitaka "ukungu mweupe". Tulipiga kura, utando ukashinda, kwa hoja ya binti mmoja wa Molo kwamba ukungu tayari una kazi za kutosha.