Nani Anakufukuza?

Asubuhi ya kwanza tulipoonekana tukikimbia ufukweni Saadani, mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alituuliza: "Mzee wangu, nani anakufukuza?" Tulicheka pamoja naye, lakini swali lile tulilala nalo. Anayetufukuza ni sukari. Daktari amekwisha kutuonya, na kwa kuwa tunajijua kwamba bila ahadi hatumalizi jambo, tuliiahidi familia kuwa kabla ya mwaka kwisha, Inshaallah, tutakimbia kilomita 21 bila kusimama.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa na raha ya upya. Ya tatu ndiyo iliyotupima. Miguu iliuma, usingizi wa baada ya Sala ya Alfajiri ukazidi utamu, na hapa kwetu nyudhuru za haki hazikosekani. Tunapakana na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 2005. Simba na nyati hawana habari na ratiba ya mtu, hivyo kabla hapajapambazuka vyema hatutoki, wala hatutoki peke yetu. Bahari nayo ina amri yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na alfajiri maji hujaa hadi kwenye mchanga laini unaomeza mguu. Yakiwa maji mafu, mchanga mgumu huwa wazi saa kumi na mbili asubuhi.

Basi tuliacha kupanga mazoezi kwa siku za wiki, tukayapanga kwa tarehe za mwezi. Tarehe 8 hadi 10, na tena 23 hadi 25, twaenda mbali. Siku za bamvua twatembea tu kwa haraka njia ya kijijini. Binti yetu hutia alama kwenye kalenda iliyobandikwa jikoni, na siku isiyo na alama huiulizia mbele ya wageni. Tunakiri kwamba swali hilo tunaliogopa kuliko simba.

Saa ya mkononi tumeiacha nyumbani. Wengi wanaoanza huvunjwa moyo na dakika zao, na sisi tulikuwa miongoni mwao mpaka tulipomkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, alianguka akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Yeye alikuwa wa 57 na wa mwisho kumaliza, akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza tu.

Mwezi uliopita mama watoto alisema naye anakuja. Jamaa wawili walikunja uso. Tuliwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), Bibi Aisha akamshinda, baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni kwa ile. Jamaa wakanyamaza, na mmoja wao akaomba chai.

Sasa tumefika kilomita 14. Jumapili iliyopita mama watoto alitutangulia kwa hatua kama ishirini, akageuka kutucheka, baibui lake limejaa upepo wa bahari. Tulimwambia kwa pumzi iliyobaki kwamba ile ya pili bado.