Tembea Uone

Wahenga walisema, "Tembea uone." Lakini kutembea ni jambo moja na kuona ni jingine, kama nilivyofunzwa na safari ya kutwa kule kusini mwa Afrika.

Tuliondoka Maun, nchini Botswana, kabla ya jua kuchomoza. Motakaa ilikata nyika tambarare hata Nata, kisha ikashika njia ya kaskazini. Mara mbili tulisimama ili ndovu wapite. Saa nane tuliwasili Kazungula. Zamani malori yalingojea feri hapo siku kadhaa, lakini tangu mwaka wa 2021 liko daraja, nasi tukauvuka mto Zambezi upesi, tukaingia Zambia.

Tulipofika Livingstone tulikuwa hoi. Mwenzangu alikataa kutoa fedha za helikopta, akisema maporomoko atayaona kesho kwa miguu. Nilimsihi, akakubali shingo upande.

Wakololo waliyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, yaani "moshi utoao ngurumo", kabla Livingstone hajayaona mwaka wa 1855. Aliye chini huona moshi huo na kipande cha maji. Kutoka juu tuliona upana wote, upitao maili moja, na mbele yake makorongo yaliyopindapinda. Kumbe yale ni mahali maji yalipoanguka zamani, maana mto huukata mwamba na kurudi nyuma kwa maelfu ya miaka.

Mwenzangu alinyamaza mpaka tukatua. Kisha akanena, "Ndugu yangu, kumbe usingizi ungalinigharimu zaidi."